Kiti cha Zenoria

Wanaume walioingia stoo ya kahawa walikuwa wawili, lakini vikombe vilivyorudi jikoni vikiwa vitupu vilikuwa vitatu.

Ndeshi alivipanga mezani, akavitazama kama mama anayewahoji watoto waliovunja kioo. Cha mumewe alikijua kwa sukari iliyolala chini, maana Aminieli hakupata kukoroga chai tangu azaliwe. Cha Reginald kilikuwa na jivu la sigara, tabia mbaya ambayo Ndeshi aliivumilia kwa ajili ya urafiki wa watu hao wawili. Cha tatu kilikuwa kimenywewa hadi tone la mwisho. Alikiinua, akakinusa. Kilinukia marashi ya waridi.

Vitatu alivipeleka mwenyewe, hilo halina ubishi. Aminieli alikuwa akiagiza vitatu tangu walipoanza kurekodi, bila kusema kwa nini, na kila siku cha tatu kilirudi kimejaa, chai imepoa na utando wa maziwa umetanda juu, Ndeshi akaimwagia migomba. Leo hakikurudi kimejaa. Sasa mniambie, mwanamke mwenye akili zake afikirie nini? Awaze malaika? Ndeshi aliwaza ambacho angewaza mwanamke yeyote kuanzia Nduruma hadi Machame: humo stooni kuna mtu, na mtu huyo hanyoi ndevu.

Aliosha vikombe, cha tatu akakisugua kwa majivu. Harufu ikabaki.

Hao wawili, kama hamwajui, walikuwa hivi. Aminieli, mwenye nyumba, alikuwa Mmeru wa mlimani, huko juu ya Makumira, mwenye kahawa na migomba aliyorithi kwa baba yake na gitaa alilolipata kwa ubishi wake mwenyewe. Reginald, mpiga kinanda, alikuwa Mchaga aliyepanga vyumba Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Wote walipiga katika bendi ya hoteli moja mjini, bendi ya kuchezesha watu dansi mwisho wa wiki. Lakini watalii waliotoka mbugani walizoea kuomba nyimbo za kwao, ile roki laini ya kubembeleza, gitaa linalia polepole na kinanda kinapumua nyuma yake, na wawili hawa wakanogewa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa kila kona, maduka ya kaseti yanachipuka Kaloleni, redio za watu binafsi ndiyo kwanza zinasikika, na kila mwenye ndoto alijiona amechelewa. Reginald alisema watu wamechoka kuimbiwa siasa na kilimo. Waimbiwe mapenzi, tena kwa sauti ya chini. Wenzao wa bendi waliwacheka, wakawapa jina la Bwana na Bibi Harusi. Wao wakabeba vyombo vyao, pamoja na mashine ya kurekodia waliyoachiwa na Mjerumani mmoja aliyerudi kwao, wakaenda kujifungia katika stoo ya Aminieli na kuzifunika kuta zake kwa magunia ili sauti isirudi.

Ndeshi hakuwa na kinyongo na muziki. Alichokuwa nacho ni nyumba. Aliingia hapo bibi harusi, akalikuta shamba limeota magugu, akalifufua kwa mikono yake, akazaa hapo, na alikuwa amekata shauri kuzeekea hapo. Kama kuna mwanamke anayeinyemelea nyumba hiyo, basi leo au kesho angekutana na mtu.

Kesho yake ukungu ulishuka mapema, ule wa Julai unaoufuta Mlima Meru wote kisha ukaanza kula mgomba mmoja mmoja. Mchana ukawa kama alfajiri. Ndeshi aliandaa chai kwenye trei, akaziacha kandambili mlangoni mwa jikoni, akaenda nayo peku hadi stoo, akatega sikio.

Walikuwa wakiimba. Sauti ya mumewe aliijua, ile nyembamba yenye mkwaruzo kidogo. Ya Reginald aliijua, nzito na ya kivivu. Na katikati yao palikuwa na sauti ya mwanamke. Haikuwa kubwa. Iliingia pale wanaume walipovuta pumzi, ikawashika mkono hadi mstari unaofuata, kisha ikanyamaza.

Ndeshi aliusukuma mlango kwa goti.

Ndani walikuwamo wawili, wamevaa spika za masikioni, wamefumba macho. Mbele yao kulikuwa na kiti cha mezani kwake, kimegeuzwa kuwaelekea. Juu ya egemeo kilitandazwa kitenge chake cha rangi ya chungwa, alichokuwa akiamini kimeibwa kambani. Kando ya kiti palikuwa na kigoda. Ndeshi aliitua trei juu ya kigoda hicho.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Aminieli alivua spika. "Nani, mama Rachel?"

Ndeshi alipekua nyuma ya magunia, akachungulia chini ya meza, akatazama juu kwenye boriti. Stoo ile haikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa mmoja, na ni yeye aliyekuwa amesimama hapo.

"Shemeji, ngoja nikueleze, usije ukaniua bure," alisema Reginald akicheka cheka. "Wimbo wa mapenzi lazima uwe na mtu ndani yake. Mwaka juzi nilimwimba Anneth, jina tu nililiokota njiani, kumbe jirani yetu mshona nguo ni Anneth. Mke wangu Evelyn alikitupa kinanda changu uani, na mvua inanyesha! Safari hii tukasema tutunge jina lisilo la mtu yeyote, si Meru, si Machame, si mjini. Zenoria. Umewahi kumsikia Zenoria yeyote?"

"Na kiti?"

"Huwezi kuubembeleza ukuta, shemeji. Ukiimbia ukuta, kaseti inajua. Tukamwekea kiti, tukamwekea chai, kama mgeni mwingine."

"Kila siku kabla hatujaanza tunabisha hodi kwa niaba yake," alisema Aminieli, na aliona haya kidogo, "halafu tunaitika karibu. Ni utani tu."

"Na jana chai yake alikunywa nani?"

Reginald alimtazama Aminieli. Aminieli alimtazama Reginald.

"Si wewe?" alisema Aminieli.

"Mimi nilijua ni wewe."

"Rudisheni hiyo kanda nisikie," alisema Ndeshi.

Waliirudisha. Gitaa lilianza, kinanda kikafuata, wakaingia wao wawili na maneno yao ya kukaribisha: ingia Zenoria, kaa, nyumba hii ni yako. Na pale kwenye pumzi akaingia yeye, laini, bila haraka, akiwa karibu na maikrofoni kuliko wao wote, karibu kiasi kwamba midomo yake ilisikika ikiachana.

Aminieli alipauka. Kisha, badala ya kuogopa, akakasirika. "Umekuja naye lini?" alimnong'oneza Reginald. "Mmerekodi nikiwa shambani?"

"Stoo ni yako, ufunguo ni wako, halafu unaniuliza mimi?" Reginald naye alinong'ona. "Sema wewe umemficha wapi!"

Ndeshi hakuelewa kwa nini wananong'ona, hadi alipogundua kwamba na yeye alikuwa amebana pumzi, na kwamba wote watatu walikuwa wamekipa mgongo kile kiti kama watu wanaomsengenya aliyepo. Aliinama kuchukua trei aondoke. Kikombe kilichokuwa upande wa kiti kilikuwa kitupu, ukingo wake bado una joto, na hakuna aliyekuwa amekisogelea.

Watu wa busara wangeichoma ile kanda siku hiyo hiyo. Lakini hawa walikuwa wanamuziki, na ile sauti ilikuwa nzuri. Ilizijaza nyimbo zao pale zilipokuwa na tundu ambalo wao hawakulijua. Kila mmoja alishikilia kwamba mwenzake amemficha mwimbaji, kwa kuwa kumshuku rafiki ni rahisi kuliko kukishuku kiti. Wakaimaliza albamu kwa kuviziana, wakaipa jina *Zenoria*, na mvua za vuli zilipoanza ilikuwa ikilia katika kila duka la kaseti mjini Arusha.

Watu waliipenda hadi kupitiliza. Vijana walibembelezana kwa nyimbo zake, maharusi waliingilia ukumbini kwa nyimbo zake. Na kila mtu aliuliza swali lile lile: yule dada ni nani? Sokoni Tengeru mama mmoja wa kwaya alimshika Ndeshi mkono. "Hongera, mama Rachel, mmepata mwimbaji. Ni ndugu yenu?" Ndeshi alijibu kwamba hamjui. Yule mama alimwonea huruma waziwazi, na huruma hiyo ilimuuma Ndeshi kuliko tusi.

Nyumbani mumewe alikuwa akimponyoka. Bendi ya hoteli aliiacha. Kahawa iliiva ikaanguka chini. Kila baada ya chakula cha mchana alikwenda stooni, akaketi kukielekea kile kiti, gitaa mapajani, na chakula alichopelekewa huko kilirudi kimeliwa pande mbili za sahani. Yeye mwenyewe alikonda. Alipomwita mkewe alisema "wewe", na akijisahau alisema "Zenoria". Mtoto wao Rachel, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, alimfuata baba yake huko siku moja, akasimama mbele ya kiti, akakiinamishia kichwa na kusema shikamoo. Kisha akacheka, kama watoto wanavyocheka wakishikwa kichwani.

Bado Ndeshi hakukubali. Majini, alijiambia, ni mambo ya watu wa pwani. Wao huku ni Walutheri. Kulikuwa na mwanamke, mwenye mwili na nywele, na Ndeshi alishamjua. Evelyn, mke wa Reginald, aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya kabla hajaolewa. Nani mwingine angeingia na kutoka na wanaume hao bila kuulizwa? Basi alivaa gauni lake la kijani, akamwacha Rachel kwa jirani, akashuka mjini.

Evelyn alifungua mlango nusu. Alikuwa amevimba macho.

"Umekuja kunionyesha uso?" alisema.

"Nimekuja kukuangalia wewe mwizi," alisema Ndeshi.

"Mimi mwizi? Sauti ni yako! Stoo ni yako! Nani mwingine anaishi huko?"

Ndeshi alipigwa na butwaa. "Mimi? Evelyn, mimi nikiimba kanisani mchungaji anakohoa."

Walitazamana. Evelyn ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani yake, akamvuta Ndeshi ndani. Wakaketi kitandani kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa vyombo vya muziki, na hapo, kwa mara ya kwanza, wakaambiana ukweli. Evelyn alisema Reginald siku hizi halali katikati ya kitanda. Anajibana ukutani, na yeye Evelyn anajikuta yuko ukingoni, na kati yao panabaki nafasi ya mtu mzima ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

"Na asubuhi mto unanukia," alisema kwa sauti ya chini.

"Waridi," alisema Ndeshi.

"Waridi."

Duka la kaseti la ng'ambo ya barabara lilikuwa limeanza kuipiga albamu ile, kama lilivyoipiga kila siku, na wote wawili walitega masikio bila kupanga. Gitaa likaja, kinanda kikaja, waume zao wakaimba maneno yale yale ya kukaribisha. Kisha ikafika ile pumzi, na yule mwanamke akaingia, lakini hakuimba maneno waliyoyazoea, aliimba mengine, taratibu, kwa kujipendekeza, akiyavuta kama mtu anayetunga papo hapo huku anawaangalia:

*Wawili wamekaa kitandani,*
*mmoja kavaa kijani;*
*wananitafuta mjini,*
*na mimi niko nao ndani.*

Nje watu waliendelea na shughuli zao, mwenye duka akipiga mluzi kuufuata wimbo, muuza mahindi akipepea mkaa wake, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo, wakati humo chumbani godoro lilikuwa limeanza kubonyea polepole kati ya Ndeshi na Evelyn, pale walipokuwa wameacha nafasi bila kujua wameiacha, na harufu ya waridi ikapanda, nzito, ya moto, ikawaingia puani na kinywani mpaka Ndeshi akaihisi ladha yake kwenye ulimi, chungu kama dawa, na alipotaka kupiga kelele alikuta Evelyn ameshamshika mkono na kumvuta hadi barabarani, wote wawili peku, mchana kweupe, watu wakiwashangaa.

"Kuna bibi mmoja," alisema Evelyn akihema. "Mrangi wa Kondoa. Nyuma ya soko hapo. Anawatibu watu."

"Mchungaji akisikia?"

"Mchungaji naye anayo hiyo kaseti, mama Rachel. Twende."

Bibi Mwasiti alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na haraka na mtu. Walimwamkia, akaitikia marahaba, akawasikiliza bila kuwakatiza. Kisha akaagiza kaseti ile dukani, akaiweka kwenye redio yake, akasikia wimbo mmoja tu, akaizima.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza.

Walimweleza habari ya kiti, ya chai, ya hodi iliyobishwa kwa niaba ya asiyekuwapo.

Bibi Mwasiti alitikisa kichwa, na alikuwa amekasirika kweli. "Watu wa muziki! Jini anayemwingia mtu kwa nguvu mimi namtoa, ndiyo kazi yangu. Huyu hakuvunja mlango. Huyu alikuwa anapita zake, na kila alikopita watu walisema toka. Wanaume wenu wakasema karibu. Wakampa jina, wakampa kiti, wakamwambia nyumba ni yako. Siwezi kumfukuza mgeni wa watu. Mgeni anasindikizwa na waliomkaribisha."

"Nyumba si yao peke yao," alisema Ndeshi.

"Ndiyo salama yako hiyo, mwanangu. Jikoni kwako ameingia?"

Ndeshi alifikiri. Harufu ile, ukiacha ile ya kikombe, hakuwahi kuikuta jikoni, wala chumbani, wala mahali popote ndani ya nyumba kubwa. Stooni tu. "Hapana," alisema.

"Basi kumbe hujamkaribisha. Mwenye jiko hajasema neno, naye anasubiri." Bibi alimgeukia Evelyn. "Wewe amefika hadi kitandani. Ulisema nini?"

Evelyn alianza kulia. "Nilimwambia Reginald kwa hasira tu. Nilimwambia, mlete huyo bibi yako hapa, karibu sana, kitanda hicho hapo!"

"Yeye hajui hasira," alisema Bibi Mwasiti. "Anajua karibu."

Siku ile ile, kabla jua halijazama, waliwakuta wanaume wote wawili stooni. Hawakuwa wakipiga kitu. Walikuwa wamekaa tu kukielekea kiti, wamekonda, mmoja akimchunga mwenzake kwa jicho la pembeni, kila mmoja akihesabu nani anapendwa zaidi. Bibi Mwasiti aliwaeleza la kufanya. Reginald alikubali upesi mno, kama mtu aliyekuwa akiombea kuambiwa hivyo. Aminieli alikataa.

"Mkimtoa huyu, mimi nitabaki na nini?" alisema. Hakuwa akifanya jeuri. Aliuliza kweli.

Ndeshi alikuwa amekuja na maneno makali mengi, ameyapanga njia nzima. Yote yakamtoka kichwani. "Na mimi," alisema. "Utabaki na mimi, Aminieli. Kwani mimi nilikwenda wapi?"

Mumewe aliinua uso akamtazama, akamtazama hasa, kwa mara ya kwanza tangu wakati wa ukungu. Aliona alivyochoka. Akaweka gitaa chini, akasimama, akakiambia kiti kwa sauti iliyokauka, "Zenoria, twende tukusindikize."

Walitoka katika mstari. Wanaume walitangulia bega kwa bega, lakini hawakuweza kukaribiana. Njia ilikuwa nyembamba na bado mmoja alitembea majanini upande huu na mwingine upande ule, katikati yao pakabaki mahali pa mtu, na majani ya katikati ya njia, yaliyokuwa yamelowa mvua, yakawa yanalala moja baada ya jingine bila kukanyagwa na yeyote aliyeonekana. Wanawake walifuata. Nyuma kabisa alikuja Bibi Mwasiti na ubani wake ukifuka kwenye kopo. Walishuka katikati ya migomba, wakapita mfereji wa maji, wakapita kahawa iliyoozea chini, na kadiri walivyoshuka ndivyo harufu ilivyozidi, ndivyo Aminieli alivyozidi kulia kimya kimya, na ndivyo Ndeshi, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye yale majani, alivyozidi kusema moyoni, nenda, nenda, nenda tu, hadi miti ikafunguka na wakaliona daraja la magogo linalovuka kijito, mwisho wa ardhi ya ukoo wa Aminieli.

"Msivuke," alisema Bibi Mwasiti. "Muageni."

"Zenoria, sisi tunaishia hapa," alisema Reginald, akajipangusa jasho. "Nenda salama."

Aminieli alichelewa. Midomo yake ilitikisika. Ndeshi alimshika mkono kwa nyuma, naye akaubana. "Nenda salama, Zenoria," alisema hatimaye. "Nyumba si yako. Nilikudanganya."

Harufu ikaanza kupungua. Gogo la kwanza la daraja liliguna, likafuata la pili, kama linavyoguna likipitwa na mtu asiye mzito. Rangi ilirudi usoni mwa Reginald. Evelyn alipumua kwa sauti. Ndeshi aliuona mkono wa mumewe ukiwa ndani ya mkono wake, wenye joto, wenye sugu za nyuzi za gitaa, mkono wake yeye na wa nyumba yake, na furaha ilimjaa kifuani ghafla. Ilikuwa imekwisha.

Katikati ya daraja magogo yalinyamaza.

Kisha yule mwanamke akasema. Hakuimba. Aliongea, na sauti yake, bila gitaa wala kinanda, ilikuwa ya binti wa watu aliyelelewa vizuri, anayeona haya kuondoka.

"Mama Rachel, nashukuru sana. Nimewasumbua."

Na Ndeshi, ambaye tangu utotoni hakuna mgeni aliyewahi kuaga mbele yake akakosa jibu, ambaye mama yake alimfinya sikio kila aliposahau kujibu, alisikia kinywa chake mwenyewe kikijibu kwa uchangamfu, kabla akili haijakifikia:

"Wala hujatusumbua. Haya, karibu tena!"

Hakuna aliyesogea. Aminieli aligeuza kichwa polepole akamtazama mkewe. Bibi Mwasiti alifumba macho, akalifunika kopo la ubani kwa kiganja chake ingawa lilikuwa la moto.

Darajani gogo liliguna, halafu jingine, yakija upande wao. Harufu ya waridi ilirudi, ikawapita wanaume wote wawili bila kusimama, ikaja ikakaa ubavuni mwa Ndeshi. Kitu kilichukua mkono wake wa kushoto, ule ambao haukushikwa na mtu, kwa adabu, kama mgeni anavyomshika mwenyeji wake.

"Mama Rachel," ilisema ile sauti, karibu kabisa na sikio lake. "Jikoni ni wapi?"